Gari Halina Injini, Lakini Lina Magurudumu: Majibu kwa Wenye Magari ya Umeme Runyenjes

Gari la umeme linalofahamika zaidi na wanunuzi wa magari yaliyotumika hapa Kenya ni Nissan Leaf kutoka Japani, na maswali mengi yaliyonifikia kutoka Runyenjes na vijiji vinavyoizunguka yanalihusu. Nimeyajibu kwa kuzingatia barabara zetu, mvua zetu na stima yetu, kwa sababu kitabu kilichokuja na gari kiliandikwa kwa ajili ya mtu anayeishi kwingine, na mara nyingi kwa Kijapani.

Fundi, nilipolinunua gari niliambiwa halina service. Mwaka sasa unaisha na sijaingia gereji. Nafanya vizuri? (Mwalimu, Kyeni)

Hapana, Mwalimu. Aliyekuambia hivyo alikueleza nusu ya ukweli. Halina oili ya injini, halina plagi, halina mkanda wa taiming wala ekzosi. Lakini fikiria jambo moja. Gari la petroli humlazimisha mwenyewe kwenda gereji kila baada ya kilomita 5,000 au hivi kubadilisha oili. Fundi akiwa chini ya gari anamwaga ile oili, macho yake huona mengine: bushi iliyopasuka, mpira wa ekseli uliochanika na kutema grisi, shoki inayovuja, pedi iliyobaki unene wa karatasi. Mwenye gari hakwenda kwa ajili ya hayo, lakini yameonekana.

Gari la umeme limeondoa safari hiyo ya lazima, na pamoja nayo jicho la fundi. Bushi, boljointi, shoki, matairi na breki ni vilevile kama vya gari jingine lolote, na vinabeba uzito mkubwa zaidi, maana Leaf ina karibu kilo 1,500 kabla hujapanda. Kwa hiyo jiwekee safari hiyo mwenyewe: kila kilomita 10,000 au kila miezi sita, lolote litangulialo, gari linyanyuliwe na kukaguliwa chini. Gereji yoyote nzuri ya Runyenjes au Embu inaweza kazi hiyo. Si lazima fundi awe mtaalamu wa umeme ili aone bushi mbovu. Muulize pia kama kuna mvujo kwenye sanduku la gia lililo chini ya mota. Lina oili yake, kati ya lita 1 na 1.5 tu, na kiasi kidogo namna hiyo kikivuja, gia hukauka upesi.

Kulanti nayo ipo. Katika Leaf haipozi betri. Inapoza mota, inverta na chaja ya ndani. Fungua boneti gari likiwa baridi, utazame kiwango kwenye kichupa chake. Kikipungua, tafuta panapovuja, na usijazie maji ya mfereji.

Nakaa upande wa Kianjokoma na nashuka Embu kila siku. Fundi wa gereji anasema pedi zangu bado nene kabisa, lakini asubuhi breki zinanguruma. Tatizo ni nini?

Unene wa pedi hautoshi kukutuliza. Ukiondoa mguu kwenye mafuta (tunaendelea kuyaita hivyo), mota hugeuka jenereta: inapunguza mwendo na kurudisha umeme kwenye betri. Breki za diski hufanya kazi kidogo sana. Matokeo yake pedi hudumu miaka, lakini diski hushika kutu, na vile vipini ambavyo kalipa huteleza juu yake hukauka na kugandamana na vumbi letu jekundu. Mngurumo wa asubuhi baada ya usiku wa mvua, unaoisha ukikanyaga breki mara tatu nne, ni kutu ya juu juu. Usioisha, au gari linalovuta upande mmoja unapofunga breki, ni kalipa iliyokwama. Angalau mara moja kwa mwaka pedi zitolewe, vipini visafishwe na kutiwa grisi ya breki, hata kama pedi ni mpya kwa macho. Nawe mwenyewe, mara moja kwa wiki, kwenye barabara tambarare isiyo na gari nyuma yako, weka gia kwenye N na ufunge breki kwa nguvu kidogo. Hapo mota haisaidii na diski zinajipangusa.

Ila kuna jambo zito zaidi kwa mtu wa mteremko kama wewe. Betri iliyojaa haina pa kuweka umeme unaorudi. Ukichaji usiku kucha hadi asilimia 100 kisha asubuhi ukaanza kwa kushuka, gari halitajizuia kama ulivyozoea, na kazi yote inaangukia breki ambazo kwa wiki nzima hazikufanya kazi. Gari la kilo 1,600 likishuka mita 300 kwenda chini lina nishati inayozidi uniti moja ya stima. Nishati hiyo isipoingia kwenye betri inakuwa joto kwenye diski. Chaji mpaka asilimia 80 tu usiku, na mteremko utakuongezea kidogo bure.

Na maji ya breki yabadilishwe kila miaka miwili. Hunyonya unyevu wa hewa, na yakishaunyonya huchemka mapema. Breki iliyochemka hukanyagwa hadi sakafuni bila kitu kutokea. Kwa kuwa breki ya Leaf husaidiwa na umeme, fundi asifungue mfumo huo gari likiwa limewashwa.

Nimeonyeshwa Leaf ya uniti 24, na vibanzi vya afya ya betri ni 12 vyote. Nilipe? (Mfanyabiashara, Runyenjes mjini)

Usilipe kwa kutazama vibanzi pekee. Kile cha kwanza hakipotei hadi betri iwe imepungua karibu asilimia 15. Vinavyofuata hupotea kila inapopungua asilimia 6 hivi. Gari la vibanzi 8 limebaki na kama thuluthi mbili za uwezo wake. Tena kuna wauzaji wanaofuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri ili vibanzi virudi 12, kisha wiki chache baadaye vinaanza kushuka mikononi mwako.

Nunua kifaa kidogo cha OBD kinachochomekwa chini ya usukani, uweke programu ya LeafSpy kwenye simu. Itakuonyesha volti za jozi zote 96 za seli. Tofauti ya milivolti 20 au 30 kati ya jozi ya juu na ya chini haitishi. Ikivuka 100 gari likiwa limetulia, kuna seli inayoumwa, na kilima cha kwanza kitakuonyesha: asilimia zitaporomoka na ile taa ya kobe itawaka, maana yake gari limejipunguzia nguvu. Ukishanunua, soma LeafSpy kila baada ya miezi mitatu na uandike namba.

Hali ya hewa yako ni baraka. Betri ya Leaf haina mfumo wa kuipoza, na joto ndilo adui yake. Mwaka 2012 wenye Leaf wa Phoenix, katika jimbo la jangwa la Arizona, Marekani, walilalamika kwa sauti kubwa kuwa betri zao zinapungua mapema mno. Baridi ya miteremko ya Mlima Kenya ni rafiki wa betri kuliko jua la Ishiara. Ukienda kule chini, egesha kivulini, na usiiache betri imejaa juani mchana kutwa.

Jana gari lilikataa kuwaka kabisa, ilhali juzi nililiacha na chaji asilimia 80. Betri imekufa?

Ile kubwa, la. Chini ya boneti kuna betri ndogo ya volti 12, ya asidi, kama ya gari lolote. Ndiyo inayoamsha kompyuta na kufunga swichi za kuiunganisha betri kubwa. Ikizimika, gari lote ni bubu, hata kama lina chaji ya kufika Chuka na kurudi. Ipime kwa mita asubuhi kabla hujawasha gari: volti 12.5 ni nzuri. Chini ya 12.2, anza kutafuta nyingine. Vichwa vyake visiwe na unga mweupe, na vikazwe. Ikikushtukiza njiani, unaweza kuiamsha kwa waya za jampa kutoka gari jingine. Kinyume chake usikubali: jirani asiamshe pikapu yake ya dizeli kutoka kwenye Leaf yako, kwa sababu kifaa kinachoichaji betri hiyo ndogo hakikuundwa kwa mzigo huo.

Nachaji nyumbani kwa eksitensheni kutoka sebuleni hadi uani. Mume wangu anaogopa moto. Ana haki? (Mama, karibu na Ugweri)

Ana haki, Mama, na mahali hapa ndipo ninapoomba wasomaji wote wasimame nami. Katika ukaguzi wote wa gari la umeme, ulio muhimu kuliko mingine hauko kwenye gari. Uko ukutani.

Soketi ya kawaida ya ampia 13 iliwekwa kwa pasi na birika, vitu vinavyotumika dakika chache. Gari linavuta ampia 10 au zaidi kwa saa nane, tisa, kila usiku. Soketi iliyolegea hupata joto, plastiki inageuka kahawia, na siku moja inashika moto watu wakiwa wamelala. Eksitensheni iliyokunjwa kwenye gurudumu lake ni mbaya zaidi, kwa kuwa joto halina pa kutokea. Saa moja baada ya kuanza kuchaji, shika plagi. Ikiwa vuguvugu, sawa. Ikiwa huwezi kuishikilia, chomoa sasa hivi na usiitumie tena.

Jibu la kudumu ni laini yake yenyewe kutoka kwenye boksi la fyuzi: waya mnene wa milimita 4 za mraba, breka yake, na waya wa ethi uliofika ardhini kwelikweli. Nyumba nyingi za mashambani zina soketi yenye tundu la ethi lisilounganishwa na kitu chochote. Chaja nyingi hutambua hilo na kukataa. Kuna mafundi ambao huidanganya chaja ili ikubali. Mfukuze fundi huyo. Tumia mwenye leseni ya EPRA, ile mamlaka ya kudhibiti nishati, umwombe apime ethi mbele yako.

Soma pia kibandiko cha kebo ya chaji. Kebo nyingi zilizokuja na magari ya Japani zilitengenezewa volti 200, nasi tuna 240. Kama kibandiko hakitaji 240, nunua kebo inayotaja. Radi ikianza kuunguruma, chomoa. Stima ikipotea na kurudi mara kwa mara, chomoa pia ungoje itulie. Kuhusu gharama, mwaka 2023 EPRA iliidhinisha bei maalumu ya kuchaji vyombo vya umeme: shilingi 16 kwa uniti, na shilingi 8 nyakati ambazo matumizi ya stima ni madogo, kabla ya kodi na tozo nyingine. Inahitaji mita yake, kwa hiyo humfaa zaidi mwenye magari kadhaa.

Napeleka wafanyakazi hadi upande wa kiwanda cha chai cha Rukuriri. Njia ina mawe. Niangalie nini?

Sakafu. Betri iko chini yako, na Leaf imeinuka kama sentimita 16 tu kutoka ardhini. Baada ya kila kishindo cha jiwe, lala chini na tochi utazame kava la betri: limebonyea, limechanika, linaning'inia? Boliti zimekamilika? Ukiona waya wa rangi ya chungwa umekwaruzwa, usiendeshe. Rangi hiyo maana yake ni umeme wa volti karibu 360, unaoua. Hata fundi aliyefunzwa huchomoa plagi ya usalama na kusubiri dakika kumi kabla ya kugusa.

Matairi ya mbele yataisha haraka, kwa uzito na kwa jinsi mota inavyovuta ghafla. Yabadilishe nafasi, mbele kwa nyuma, kila kilomita 10,000. Upepo upimwe kila mwezi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Na ujue kwamba Leaf haikuja na spea, ilikuja na kichupa cha dawa ya kuziba pancha, ambayo mbele ya jiwe la Rukuriri haifui dafu. Weka spea na jeki kwenye buti.

Naweza kuliosha kwa mashine ya presha?

Ndiyo, kwa nje. Usielekeze maji ndani ya tundu la chaji wala chini ya boneti.

Mimi ni wa pikipiki ya umeme. Haya yananihusu?

Breki, matairi na soketi, ndiyo. Ongeza mnyororo, na ncha za kuunganishia betri: zipanguse kwa kitambaa kikavu kila unapoibadilisha, kwani tope likiingia hapo huleta cheche.

Gari likikwama mvuani, trekta ya jirani inaweza kulivuta hadi mjini?

Haiwezi. Magurudumu ya mbele yameunganishwa na mota moja kwa moja. Yakizunguka kwa kuvutwa, mota inazalisha umeme usiotakiwa na kuharibu vifaa ambavyo bei yake itakuumiza. Kunasuliwa kwenye tope mita chache, polepole, ni sawa. Zaidi ya hapo, liite lori la kubeba gari zima, au linyanyuliwe mbele magurudumu yasiguse chini. Hifadhi namba ya mwenye lori kama hilo kabla mvua za Oktoba hazijaanza.

Weka pia daftari ndani ya gari. Andika tarehe, kilomita, hali ya pedi, volti za betri ndogo na afya ya betri kubwa. Siku utakapoliuza, mnunuzi atakayeliona daftari hilo hatakuwa na haja ya kuamini vibanzi.