"Google Imesema": Majibu ya Mkutubi kwa Wanafunzi wa Kigongo

Mkutubi anayejibu barua za elimu za jarida hili hajibu maswali ya jinsi ya kuwasha data. Hilo watoto wanalijua kuliko wazazi wao. Barua alizochagua safari hii, nyingi zikiwa za Kigongo na vijiji vya pande zote mbili za Ghuba ya Mwanza, zina ugonjwa mmoja: simu imeulizwa, simu imejibu, na hakuna aliyejali jibu limetoka kwa nani. Anazijibu kwa kufuata ukubwa wa kero.

Tumeagizwa tuandike urefu wa daraja letu. Ukurasa wa kwanza unasema kilomita 3.2, wa pili kilomita 3. Tuchukue wa kwanza? (Barua nne, Kigongo na Misungwi)

Hapana. Barua zote nne zimesimama juu ya dhana ambayo mkutubi anaipiga vita kuliko nyingine yoyote, kwamba kilichotangulia kwenye kioo cha simu ndicho cha kweli zaidi.

Mtambo wa kutafutia hausomi kama mwalimu anavyosoma daftari. Una programu zinazotoka ukurasa mmoja kwenda mwingine kwa kufuata viungo, zikinakili maneno na kuyapanga katika faharasa kubwa mno. Mtu akiandika "urefu wa daraja la Kigongo", hakuna kinachokwenda Kigongo kupima. Mtambo unafungua faharasa yake, unatoa kurasa zenye maneno hayo, kisha unaamua ipi ikae juu. Larry Page na Sergey Brin walipoanzisha Google mwaka 1998, wazo lao lilikuwa kwamba ukurasa unaoelekezewa viungo na kurasa nyingi, hasa zile ambazo nazo zinaelekezewa na wengi, ndio upande juu. Tangu hapo vimeongezwa vigezo vingine vingi: lugha ya anayetafuta, mahali alipo, upya wa habari, wepesi wa ukurasa kufunguka. Vyote hivyo vinakisia kipi kitamridhisha anayeuliza. Hakuna hata kimoja kinachoshika kamba na kupima daraja. Na mara nyingi juu ya orodha hiyo huwekwa matangazo yaliyolipiwa, yenye alama ndogo ambayo jicho la haraka hulipita.

Sasa daraja lenyewe, linalovuka Ghuba ya Mwanza kati ya Kigongo na Busisi. Taarifa nyingi za miaka ya mwanzo ya ujenzi zilitaja kilomita 3.2. Rais Samia Suluhu Hassan alipolizindua Juni 19, 2025, takwimu za serikali zilikuwa kilomita 3 za daraja na kilomita 1.66 za barabara unganishi. Kurasa za zamani hazikufutwa. Blogu moja ilinakili, ya pili ikanakili kwa ya kwanza, ya tatu kwa ya pili, na mwanafunzi akiona kurasa kumi zinazosema 3.2 anadhani ana mashahidi kumi. Ana shahidi mmoja aliyerudiwa mara kumi, tena aliyesema kabla kazi haijakamilika.

Dawa yake haihitaji utaalamu. Kwanza tazama tarehe. Kisha uliza nani ana wajibu wa kujua: kwa daraja hili ni TANROADS, waliosimamia ujenzi. Halafu andika "kilomita 3, kwa takwimu zilizotolewa wakati wa uzinduzi, 2025", ili mwalimu aone jibu limetoka wapi.

Wawili kati ya walioandika wameongeza kwamba ndilo daraja refu kuliko yote Afrika. Third Mainland Bridge la Lagos linazidi kilomita 11. Hata kusema "refu kuliko yote Afrika Mashariki" kunahitaji maneno ya ziada, "kati ya yanayovuka maji", kwa sababu daraja la reli ya SGR linalopita juu ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi lina kilomita zipatazo 6. Kulipenda daraja la nyumbani ni haki ya kila mtu wa Kigongo. Kulipa sifa isiyo yake ni kumharibia mtoto alama.

Nimetafuta habari za samaki wa ziwa letu, sipati kitu cha maana. Hakuna aliyeandika? (Kidato cha tatu, Busisi)

Wameandika sana! Maji yale yale ya Ziwa Victoria yanayopita chini ya daraja ni kati ya maji yaliyoandikwa zaidi katika sayansi ya samaki duniani. Kuanzia mwaka 1977 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walikuja Mwanza kuchunguza furu wa ghuba hii, na wakashuhudia kwa macho yao furu wakitoweka miaka ya 1980 sangara walipoongezeka. Mmoja wao, Frans Witte, na wenzake walichapisha hesabu za upungufu huo mwaka 1992. TAFIRI, Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, ina kituo chake hapa hapa Mwanza.

Tatizo liko kwenye neno linaloandikwa katika kisanduku. Mtafiti wa Leiden hakuandika "sangara". Aliandika *Lates niloticus*. Dagaa wa ziwani ni *Rastrineobola argentea*. Sato anayeuzwa sokoni leo ni *Oreochromis niloticus*, mgeni aliyeletwa, na ngege wa asili ni *Oreochromis esculentus*. Furu watafutwe kwa jina la *Haplochromis*. Magugu maji yamewekwa chini ya *Eichhornia crassipes*, na siku hizi pia *Pontederia crassipes*, kwa hiyo yatafutwe kwa majina yote mawili. Mwanafunzi aongeze maneno "Mwanza Gulf" ndani ya alama za kunukuu, ili mtambo uyachukue kama yalivyo pamoja, na rafu nzima itafunguka mbele yake.

Utaratibu wa majina ya kisayansi umo kwenye kitabu cha baiolojia. Inasikitisha kuona mtoto wa mvuvi, anayemtambua furu na dagaa gizani kwa kuwashika tu, anaambiwa na simu kwamba ziwa lake halina habari, kwa sababu hakuna aliyemwonyesha kwamba jina lile gumu la Kilatini ndilo ufunguo.

Mwalimu wetu anasema kikiwa kwenye Google Scholar kimethibitishwa. Ni kweli?

Si kweli, na mwalimu huyo asiendelee kulifundisha. Google Scholar, iliyoanza mwaka 2004, inakusanya chochote chenye sura ya andiko la kitaaluma: makala zilizopitiwa na wataalamu, tasnifu za wanafunzi, na majarida yanayochapisha kila kitu alimradi mwandishi alipe. Mwaka 2013 mwandishi John Bohannon wa jarida la Science alituma makala ya uongo kuhusu dawa ya saratani, yenye makosa ya wazi, kwa majarida 304. Majarida 157 yaliikubali. Kuwa na muundo wa kitaaluma hakutoshi.

Kwa mambo ya kwetu, mkutubi huanzia African Journals Online, mkusanyiko ulioanza mwaka 1998 na unaoendeshwa kutoka Afrika Kusini. Humo limo Tanzania Journal of Science la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa afya kuna PubMed, ambako muhtasari wa makala nyingi husomwa bure. Mwanafunzi wa Mwanza akiingia huko atakutana na utafiti uliofanyika mkoani kwake katika jamii 12 na kuchapishwa katika The Lancet mwaka 1995. Ulionyesha kwamba kuboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Ulisomwa na kujadiliwa duniani kote, na wahusika wake walikuwa watu wa vijiji vya ukanda huu wa ziwa.

Mtambo wa BASE wa Chuo Kikuu cha Bielefeld, Ujerumani, na CORE wa Uingereza husaidia kupata makala nzima bila malipo pale ambapo milango mingine inadai dola.

Kuna tovuti yenye pepa za NECTA zilizovuja?

Anayekuuzia ni tapeli, na anayenunua anajiweka kwenye hatari ya kufutiwa matokeo.

ChatGPT imenipa vitabu vitano vya kunukuu. Maktaba ya Mkoa hawana hata kimoja. (Mwanafunzi wa chuo, Mwanza)

Huenda havipo popote duniani. Programu za aina hii hupanga maneno yanayofuatana vizuri, na jina la kitabu ni maneno kama mengine: mwandishi anayeaminika, mwaka unaofaa, mchapishaji anayejulikana, na kitabu hakijawahi kuandikwa. Mwaka 2023 mahakama ya New York iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 baada ya kuwasilisha kesi za mfano ambazo ChatGPT ilizitunga. Hao walikuwa watu wazima wenye leseni. Programu itumike kueleza jambo gumu kwa lugha nyepesi, au kupendekeza maneno ya kutafutia. Marejeo yatafutwe moja moja, na lisiloonekana lifutwe.

Mwanangu amesoma mtandaoni kuwa kichocho kinatibiwa kwa dawa ya mitishamba ya kusafisha damu. Wanatuma kwa basi. (Mama, Kigongo, na barua nyingine tatu zinazofanana nayo)

Mama, usitume hela. Kichocho kina dawa inayojulikana, praziquantel, na mahali pa kuanzia ni zahanati, si simu. Wauza dawa hawa wanajua kuwa mtambo hutoa kurasa zenye maneno yanayotafutwa, ndiyo maana wanaandika "tiba ya kichocho" mara ishirini katika ukurasa mmoja. Wanalijua ziwa letu kama soko.

Kwa mwanafunzi anayeandika kazi ya shule juu ya ugonjwa huo huo, kuna mtego. Kurasa nyingi za Kiswahili zinataja dalili moja tu, damu kwenye mkojo. Hicho ni kichocho cha *Schistosoma haematobium*. Kando ya Ziwa Victoria kinachotawala ni *Schistosoma mansoni*, kichocho cha tumbo, na mtoto anaweza kuwa nacho bila mkojo wake kubadilika rangi. Ukurasa unaweza kuwa sahihi kabisa na bado usiwe unazungumzia ufuo wako.

Wikipedia inaruhusiwa?

Kwa kuanzia, ndiyo. Teremka hadi tanbihi chini ya makala, soma zilikotoka habari, unukuu hizo. Makala isiyo na tanbihi iachwe.

Nyumbani kuna kitochi tu, na bando la jirani haliombwi kila siku. Tufanyeje? (Mzazi, Kigongo)

Swali hili ndilo la haki kuliko yote. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada, na kusoma ni bure. Ni salama zaidi kuliko zile "notisi" zinazochapwa steshenari kwa mia mbili ukurasa, ambazo nyingi zinafuata mtaala wa zamani, ilhali mtaala mpya ulianza kutumika kwa awamu Januari 2024. Mtoto akipata simu kwa nusu saa, aende na maswali aliyokwisha kuyaandika kwenye karatasi. Akiandika site:go.tz mbele ya anachotafuta atapata kurasa za serikali pekee, site:ac.tz itampa za vyuo. Anwani hizo hazigawiwi ovyo kama .com na .org, ingawa nazo huchelewa kusahihishwa, kwa hiyo tarehe itazamwe hata huko.

Wala mzigo huu si wa mzazi peke yake. Zipo shule zenye kompyuta za msaada zilizofunikwa kitambaa ofisini kwa mkuu wa shule, zisije zikaharibika. Zitaharibika kwa kukaa. Zifunuliwe, ratiba ibandikwe ukutani, na mwalimu mmoja akabidhiwe ufunguo.

Kwa walimu wa Kigongo, Busisi na kwingineko mkutubi ana ombi moja ambalo halihitaji bajeti. Kazi ya nyumbani ya wiki hii iwe na mstari wa mwisho unaotaja nani aliandika, mwaka gani na wapi paliposomwa. Aliyeandika "Google" arudishiwe daftari.