SOMO LA VIKUNDI: Kusomea Digrii kwa Mtandao Huku Unafanya Kazi

Lengo la somo: Kikundi kijue namna ya kumsaidia mwanachama anayetaka digrii bila kumpoteza yeye, wala pesa za kikundi.

Fungu la kusoma pamoja: Luka 14:28–30, habari ya mtu aliyetaka kujenga mnara.

Vitu mnavyohitaji: kalamu, karatasi kubwa, na punje 168 za maharagwe.



Siku hizi mtu hahitaji kuacha kazi na kuhamia Nairobi ndipo apate digrii. Anaweza kubaki na kazi yake na kusoma kwa simu au kwa kompyuta akiwa nyumbani. Katika vikundi vingi huku Wundanyi, Mwatate na Voi, hukosi mwalimu, karani au mhudumu wa zahanati mwenye nia hiyo. Na mara nyingi huja kwanza kwa kikundi kuomba mkopo wa karo.

Je, kikundi kimjibu nini? Sisi tunaoandika somo hili tulijibu vibaya mara ya kwanza. Wacha tuwaeleze ukweli ili nyinyi msirudie kosa letu.

1. YALIYOTUPATA

Mwenzetu mmoja ni mwalimu wa shule ya msingi. Ana mume, watoto watatu, ng'ombe mmoja wa maziwa na shamba la mboga kule bondeni. Junia sekondari zilipoanza Januari 2023, aliona walimu wa msingi wenye digrii wakipelekwa kufundisha huko. Naye akataka kusoma. Jambo zuri kabisa.

Alipoleta ombi lake tulimkopesha karo ya muhula wa kwanza. Tukapiga makofi, tukaomba, tukafunga mkutano. Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza, "Mwalimu, utasoma saa ngapi?"

Muhula wa kwanza alipita. Wa pili mambo yakaharibika. Nyumba yake iko nyuma ya mlima, na mtandao huko unashika na kuachia. Usiku, watoto wakishalala, alikuwa anapanda mpaka kwenye kona ya barabara, anakaa juu ya jiwe, anapakua masomo kwa simu. Siku moja alikwenda kutuma kazi ya kuandika aliyoifanya kwa wiki tatu. Mtandao ukapotea. Saa sita ya usiku, ambayo ndiyo ilikuwa mwisho wa kupokea, ikapita. Kazi yote ikahesabiwa sifuri.

Nyumbani, mume hakuelewa mke anatembea wapi usiku na simu. Na sisi je? Alipokosa siku mbili za kulima shamba la pamoja tulimtoza faini. Alipoacha kuja mikutanoni, baadhi yetu tulisema ameanza maringo ya digrii. Wengine walisema amekula pesa zetu.

Hatimaye mweka hazina na wazee wawili walikwenda kumtembelea. Walimkuta amechoka, amekonda, na ameacha masomo. Akawaambia, "Wazee wangu, sikimbii deni. Lakini si pesa iliyonishinda. Ni saa."

Neno hilo ndilo somo letu la leo.

2. SI JAMBO GENI

Tusidhani kusoma huku unafanya kazi kumeanza na simu. Wengi hapa Wundanyi tunaijua shule ya upili ya Dr. Aggrey. James Aggrey alizaliwa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, mwaka 1875. Alikwenda Marekani 1898, akahitimu, kisha akawa mwalimu katika chuo cha Livingstone, North Carolina. Wakati wa likizo, wenzake wakipumzika, yeye alikuwa anakwenda kusoma Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Alitembelea Kenya mwaka 1924. Alifariki 1927 akiwa bado anaandika kazi yake ya shahada ya udaktari.

Nelson Mandela alimalizia digrii yake ya kwanza kupitia UNISA, Chuo Kikuu cha Afrika Kusini kinachofundisha watu wakiwa mbali, huku akiwa ameajiriwa katika ofisi ya mawakili kule Johannesburg. Aliipokea mwaka 1943. Digrii ya sheria aliianza mwaka huo huo, akaanguka mitihani, baadaye akafungwa gerezani. Aliipata 1989 kupitia UNISA, akiwa bado mfungwa. Hesabuni wenyewe ni miaka mingapi.

Hapa Kenya, Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha kwa posta na redio mwishoni mwa miaka ya 1960, kikiwalenga sana walimu wa shule za msingi ambao hawakuwa na mafunzo ya kutosha. Mwaka 1986 kikaanza kutoa digrii ya ualimu kwa watu walio kazini. Jirani zetu Watanzania walianzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kwa sheria ya mwaka 1992. Na tarehe 3 Agosti 2023, Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipewa hati yake. Makao yake ni Konza, kando ya barabara ya Mombasa kwenda Nairobi. Basi linapita hapo, lakini mwanafunzi hana haja ya kushuka. Masomo yanamfuata nyumbani kwa mtandao.

Basi tushike hili: mtandao umeondoa safari, haukuondoa kazi ya kusoma. Zamani mtu alikwenda darasani. Sasa darasa limeingia nyumbani, na nyumba ni ya watu wengi.

3. HESABU YA PUNJE 168

Wiki moja ina saa 168. Kila punje ya maharagwe ni saa moja. Mwagieni punje zote juu ya karatasi, mwanachama anayetaka kusoma aketi katikati, azigawe mafungu mbele yenu. Kama ana mume au mke, naye awepo. Hili ni la lazima.

Sisi tulifanya hivyo na mwalimu wetu pamoja na mume wake. Yalitoka haya:

– Usingizi, saa 7 kila siku: punje 49
– Kazi ya shule pamoja na kusahihisha: punje 45
– Kutembea kwenda na kurudi kazini, sokoni na kwingineko: punje 10
– Kupika, kufua, watoto, ng'ombe na shamba, saa 4 kila siku: punje 28
– Kula, kuoga na sala ya nyumbani: punje 14
– Kanisa na kikundi: punje 6

Jumla ni 152. Zilibaki punje 16.

Sasa, je, 16 zinatosha? Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, ambacho kilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1971, huwaambia wale wanaosoma nusu ya mzigo kwamba watahitaji kama saa 16 hadi 18 kila wiki, na kwamba digrii itawachukua miaka sita. Anayetaka kubeba mzigo mzima na kumaliza mapema anahitaji kama mara mbili ya saa hizo.

Hapo ndipo tulipoona kosa. Mwalimu wetu alikuwa amejiandikisha kwa mzigo mzima. Alikuwa anatafuta punje zaidi ya 30 mahali penye punje 16! Alizitoa wapi hizo nyingine? Alizitoa kwenye usingizi. Hakuwa mvivu wala hakuwa na maringo. Na hata hizo 16 hazina nafasi ya mtoto kuugua au matanga ya jirani.

Mume wake aliangalia lile fungu la punje 28 kwa muda mrefu bila kusema. Halafu akanyosha mkono, akatoa punje 6, akaziweka upande wake mwenyewe. Akasema ng'ombe ni wa kwao wote, kumbe na yeye anaweza kumkamua jioni. Tulinyamaza wote.

4. MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KULIPA

Msitoe pesa kabla hamjapata majibu ya maswali haya.

(a) Je, chuo kinatambuliwa? Kenya kuna Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu iliyowekwa na sheria ya mwaka 2012. Tume hiyo hutangaza orodha ya vyuo vikuu vilivyoruhusiwa. Chuo kisichokuwa kwenye orodha, hata kama tangazo lake linapendeza, kaeni mbali nacho. Kama chuo ni cha nje ya nchi, ulizeni kwanza kama cheti chake kitakubaliwa hapa. Anayewaahidi digrii kwa miezi michache bila mitihani anauza karatasi tu.

(b) Je, mwanachama anastahili kuingia? Kwa kawaida digrii inataka gredi ya C+ katika KCSE, au diploma inayokubaliwa. Aliye chini ya hapo asikate tamaa. Anaweza kuanza na cheti au diploma kisha apande. Njia ni ndefu lakini ipo.

(c) Je, masomo yote ni ya mtandao kweli? Ualimu una mazoezi ya kufundisha, na kazi za afya zina mafunzo ya wodini. Hayo hayafanyiki kwa simu. Ulizeni ni wiki ngapi, wapi, na kama mwajiri atatoa ruhusa. Mwanachama apate ruhusa hiyo kwa maandishi.

(d) Je, mtihani unafanyika wapi? Kwa mtandao huku kamera inakuangalia, au mpaka ufike kituoni? Kama ni kituoni, wekeni nauli na malazi kwenye hesabu.

(e) Je, mtu anaweza kupunguza masomo au kuahirisha muhula? Analipa kwa kila somo, au kwa muhula mzima? Hili tulilisahau sisi, na ndilo lililotuumiza.

(f) Je, gharama nyingine ni zipi? Karo si mwisho. Kuna bando, kompyuta, stima, ada ya mitihani na ada ya kuhitimu. Andikeni zote. Kabla ya kumaliza mfuko wa kikundi, mwanachama aulize kwanza Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, yaani HELB, kama anaweza kupata mkopo huko. Walio karibu na Voi waulize pia Chuo Kikuu cha Taita Taveta kina masomo gani yanayofaa mtu aliye kazini.

5. TULIYOYAFANYA SISI

Baada ya hesabu ya punje tuliandika makubaliano, tukayaweka kwenye kitabu cha kumbukumbu:

Kwanza, mwalimu arudi chuoni na nusu ya masomo tu kila muhula. Itachukua miaka mingi zaidi, lakini itafika.

Pili, mama mmoja wa kikundi mwenye duka karibu na soko, ambako mtandao ni mzuri, alitoa meza ya nyuma kila Jumamosi mchana. Mwalimu anapakua masomo ya wiki nzima hapo, usiku anasoma nyumbani bila kuhitaji mtandao. Hakuna tena kukaa juu ya jiwe gizani.

Tatu, kazi za kuandika zitumwe siku mbili kabla ya siku ya mwisho. Mtandao wetu wa milimani tunaujua.

Nne, tulifuta zile faini. Badala ya siku za kulima, yeye anatusomea barua na kutuandikia ripoti za kikundi. Huo pia ni mchango.

Tano, deni la zamani linalipwa kidogo kidogo kila mwezi, na mkopo mpya ni wa muhula mmoja mmoja. Kabla ya kuupata, anatuonyesha matokeo ya muhula uliopita. Hakuna anayeona haya, kwa maana tulikubaliana wote.

Mwalimu bado hajahitimu. Muhula uliopita alianguka somo moja, la hesabu, na atalirudia. Lakini anakuja mikutanoni, na anacheka. Mume wake ndiye anayetukumbusha siku ya mtihani ili tumwombee.

Tulikuwa tunadhani mwanafunzi ni mmoja. Sasa tumejua kwamba mtu wa kazi anaposoma, mume au mke, watoto na kikundi wote wanatoa kitu. Ni heri watoe wakijua, kuliko wanyang'anywe bila kuulizwa. Yule mjenzi wa mnara hakukatazwa kujenga. Aliambiwa aketi kwanza ahesabu.

6. MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kikundi chenu, ni nani aliyeanza masomo akaacha? Mliwahi kwenda kumuuliza kwa nini, au mlimsema tu?

2. Gaweni punje 168 za mama mmoja na za baba mmoja. Mafungu yao yanalingana? Kama hayalingani, kwa nini?

3. Katika kijiji chenu, mahali gani pana mtandao na stima ya kutegemewa? Nani mwenye mahali hapo, na anaweza kuombwa nini?

4. Sheria zenu za faini zinamsaidia mtu aliye kwenye shida, au zinamsukuma nje?

5. Je, mwanachama ambaye hataki digrii anapata faida gani mwenzake akisoma? Msijibu haraka.

KAZI YA NYUMBANI: Kila mmoja arudi nyumbani na punje zake, azigawe mbele ya familia kabla ya mkutano ujao. Mkutanoni, kila mmoja aeleze ni fungu gani lilileta ubishi nyumbani kwake.

Mungu awabariki mnapohesabu, na mnapojenga.