Dondoo muhimu: Mchezo wa nyimbo shuleni, ili faida yake idumu

• Chagueni mchezo unaobebwa na kundi. Sarafina! ya Mbongeni Ngema, iliyoanza kuonyeshwa Johannesburg mwaka 1987, inahitaji darasa zima liimbe na kucheza, si nyota mmoja tu.

• Asiyependa jukwaa apewe kazi ya kweli: taa, pazia, mavazi. Anayekaa pembeni na maandishi mkononi, akimnong'oneza mwenzake maneno yaliyomtoka, mara nyingi huujua mchezo kuliko mwigizaji mkuu. Kwa maoni yangu, huyo ndiye anayevuna zaidi.

• Sauti kwanza, mapambo baadaye. Mkiigizia bwaloni, kumbukeni kuwa lina mwangwi. Mwekeni mwanafunzi mmoja nyuma kabisa, karibu na dirisha la jikoni, ainue mkono kila neno lisipomfikia. Wenzake watajirekebisha bila mwalimu kufoka.

• Kibali cha mwenye haki za mchezo kiombwe mapema.

• Onyesho likiisha, msitawanyike hivi hivi. Kaeni chini msimuliane nani alikwama, nani alimwokoa. Maandishi yenye masahihisho yahifadhiwe. Kundi la mwakani litaanzia hapo. Na mavazi yafuliwe kabla ya kuingia sandukuni, tafadhali.