Mkubwa Anapotiwa Hatiani

Hakuna habari ienezwayo upesi katika mabaraza yetu, toka Shinyanga na Kahama hata Geita, kama habari ya mkubwa aliyepelekwa mahakamani. Wengine hufurahi, wengine husikitika, na wengi husema, "Wote ni wezi tu," kisha huenda zao. Lakini jambo hili lataka akili, wala si kelele. Sisi tuwachaguao wabunge na madiwani kwa kura zetu, yatupasa kujua maana ya mwenye cheo kutiwa hatiani, tena yatupasa kujua mipaka ya maana hiyo. Basi, na tujifunze kwa mambo mawili yaliyotokea, ambayo yote yaigusa nchi yetu hii.

1. Mambo ya Mwanza na Shinyanga

Katika miaka ya 1970 watu wengi, hasa wanawake wazee, waliuawa katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga kwa kudhaniwa kuwa wachawi. Mwaka 1976 Serikali ilifanya msako ili kuwakamata wauaji. Kusudi lilikuwa jema, maana ni nani asiyependa mama mzee alale salama nyumbani mwake? Walakini katika msako huo watu waliokamatwa waliteswa, na baadhi yao wakafa mikononi mwa walinzi wao.

Habari hizo zilipojulikana, yalifanyika mambo mawili, nasi tusiyachanganye. La kwanza, mwezi wa Januari 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu, pamoja na waziri mwenziwe na wakuu wa mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Mwinyi hakushitakiwa kwa kumtesa mtu. Alitoka kwa sababu mabaya hayo yalitendwa na watu waliokuwa chini ya wizara yake. La pili, baadhi ya maofisa wa polisi na wa usalama walipelekwa Mahakama Kuu, wakatiwa hatiani kwa matendo yao wenyewe, wakafungwa.

La kwanza huitwa kuwajibika, la pili huitwa kutiwa hatiani. Mfugaji yeyote wa Usukuma aifahamu tofauti hii. Ng'ombe wakiingia katika shamba la jirani, mwenye zizi huenda mwenyewe kuomba radhi na kulipa, ingawa alikuwa nyumbani. Lakini kijana aliyewaswaga kwa makusudi ndiye aulizwaye barazani, "Kwa nini ulitenda hivi?" Yule wa kwanza hujibu kwa ajili ya dhamana yake, na huyu wa pili hujibu kwa ajili ya tendo lake. Tena kuwajibika hakukumwangamiza Mwinyi, kwa kuwa baadaye alikuwa Rais wa nchi toka mwaka 1985 hata 1995.

2. Dhahabu na msamaha wa kodi

Jambo la pili latoka katika dhahabu yetu. Mgodi mkubwa wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu katika Kahama mwaka 2001. Mwaka 2003 Serikali iliafikiana na kampuni ya kigeni iitwayo Alex Stewart ili ikague dhahabu itokayo migodini. Ujira wa kampuni hiyo ulikuwa asilimia 1.9 ya thamani ya dhahabu iliyouzwa nje. Wakati ule mrabaha uliolipwa kwa Serikali ulikuwa asilimia 3. Maana yake, penye dhahabu ya shilingi 100, mrabaha ulikuwa shilingi 3, na mkaguzi alipata karibu shilingi 2.

Tena kampuni hiyo ilisamehewa kodi, ingawa Mamlaka ya Mapato ilikuwa imeshauri vingine. Kwa ajili ya msamaha huo, mwezi wa Novemba 2008 walishitakiwa Basil Mramba, aliyekuwa Waziri wa Fedha, na Daniel Yona, aliyekuwa Waziri wa Nishati na Madini, na baadaye Gray Mgonja, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Hazina, akaunganishwa nao. Hukumu ilisomwa Kisutu, Dar es Salaam, tarehe 6 Julai 2015. Mramba na Yona walitiwa hatiani kwa kutumia vibaya madaraka na kuitia Serikali hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 11.7, wakahukumiwa kifungo cha miaka mitatu. Mgonja aliachiwa huru. Walipokata rufaa, Mahakama Kuu ilipunguza adhabu yao ikawa miaka miwili. Na mwezi wa Februari 2016, kwa sheria ya huduma kwa jamii ya mwaka 2002, walitolewa gerezani wamalize adhabu kwa kufanya usafi katika hospitali ya Sinza.

Watu wengi hudhani mawaziri hao walihukumiwa kwa kula rushwa. Sivyo. Hawakushitakiwa kwa kupokea kitu. Walihukumiwa kwa sababu walitumia vibaya mamlaka waliyopewa, na mali ya watu wote ikapotea. Hapo twajifunza kwamba mwenye cheo aweza kukosa hata kama mkono wake haukupokea bahasha. Cheo ni dhamana, na kalamu itiayo sahihi yaweza kupoteza kuliko mkono uibao.

3. Mambo manne ya kushika

Kwanza, hatia hutamkwa na mahakama. Ibara ya 13 ya Katiba yetu yakataza kumtendea mshitakiwa kama mkosaji mpaka ithibitike kwamba anayo hatia. Mgonja alikaa kizimbani pamoja na wenziwe, lakini yeye alitoka huru. Tena hata hukumu yaweza kutenguliwa. Lengai ole Sabaya, aliyekuwa Mkuu wa Wilaya ya Hai, alihukumiwa huko Arusha mwezi wa Oktoba 2021 kifungo cha miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, na mwezi wa Mei 2022 Mahakama Kuu ikaifuta hukumu hiyo. Kwa hiyo mtu akikuletea habari, muulize: Je, ameshukiwa, ameshitakiwa, au amehukumiwa? Na rufaa imekwishaje?

Pili, adhabu ina kipimo na mwisho. Wengine waliwacheka wazee wale wenye mifagio, na wengine walinung'unika kwamba adhabu ni ndogo. Kunung'unikia sheria ni haki ya raia, lakini kumcheka atumikiaye adhabu yake hakumfaidii mtu. Hata hivyo, kumaliza adhabu si sawa na kurudishiwa dhamana. Ibara ya 67 ya Katiba humzuia kugombea ubunge mtu aliyefungwa zaidi ya miezi sita kwa kosa la kukosa uaminifu, na agombeaye urais hana budi kuwa na sifa za mbunge. Nchi nyingine hazina kizuizi hicho. Huko Marekani, mwezi wa Mei 2024, Donald Trump alikutwa na hatia ya makosa 34 ya kughushi kumbukumbu za biashara, na mwezi wa Novemba mwaka ule ule alichaguliwa kuwa Rais.

Tatu, sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Katika Geita twamjua kijana akamatwaye na polisi kwa ajili ya kiroba cha magwangala, yaani mawe ya mabaki ya mgodi. Kesi yake huenda ikaisha upesi, na wala hana wakili. Kesi ya mawaziri ilichukua karibu miaka saba. Hatusemi kijana asihukumiwe, wala hatusemi mkubwa anyimwe nafasi ya kujitetea. Twasema kwamba nafasi ile ile apewayo mkubwa, kijana naye apewe, na hukumu ile ile impasayo kijana, mkubwa naye isimkose.

Nne, nalo ndilo kubwa, tusimwachie hakimu kazi iliyo yetu. Hakimu huuliza neno moja tu: Je, kosa hili limethibitishwa pasipo shaka? Tena ni vema aulize hivyo, tusije tukawafunga wasio na hatia. Lakini mpiga kura huuliza neno jingine: Je, mtu huyu aweza kukabidhiwa mali yetu? Diwani asiyesoma hesabu za fedha za kijiji mbele ya mkutano, au mbunge asiyejibu aulizwapo juu ya fedha za mgodi, huenda hana kosa lolote mahakamani. Hata hivyo hatulazimiki kumrudisha. Ulimi wetu na umngoje hakimu, usimwite mtu mwizi kabla ya hukumu. Bali kura yetu haina sharti la kumngoja, wala swali letu katika mkutano wa kijiji. Tukiuliza mapema, huenda hasara ikazuiliwa. Tukingoja Kisutu, twaipata hukumu, na fedha imekwisha kwenda.

Maswali ya kuzungumza

1. Kuwajibika na kutiwa hatiani vyatofautianaje? Toeni mfano wa kijijini kwenu.
2. Mtu aweza kuitia nchi hasara bila kupokea rushwa. Kwa njia gani?
3. Mara ya mwisho hesabu za kijiji au mtaa wenu zilisomwa lini, na nani aliuliza swali?
4. Twawezaje kuuliza kwa uthabiti bila kumsingizia mtu?