Inchi Nne Si Milimita Mia

Vijana wawili wa Mabogini, penye nchi tambarare chini ya mji wa Moshi, walitaka kutengeneza mfano mdogo wa behewa la reli pamoja na njia yake. Upana wa reli ya Moshi, toka chuma kimoja hata cha pili, ni mita 1. Wao walikusudia mfano uwe sehemu ya kumi ya reli ya kweli, yaani upana wa milimita 100.

Kaka alishika kazi ya njia. Alipima kwa milimita, akaongeza milimita 1 ili magurudumu yapate nafasi ya kupita. Mdogo wake alishika kazi ya magurudumu, lakini alikuwa na rula ya inchi tu. Akawaza moyoni, "Inchi moja ni milimita 25, basi inchi 4 ni milimita 100." Akayaweka magurudumu kwa upana wa inchi 4 kamili.

Siku ya kujaribu, behewa lilikwama. Walipolisukuma, gurudumu moja lilipanda juu ya chuma, behewa likaanguka na kupasuka ubavu.

"Kaka, njia yako ni nyembamba," alisema mdogo.

"Tusigombane, mdogo wangu. Lete rula yako."

Wakazilaza rula mbili sambamba. Inchi 4 ilipita alama ya milimita 101, ikakaribia 102. Ndipo walipojua ya kuwa inchi moja ni milimita 25.4. Sehemu ile ndogo ya 0.4, ikizidishwa mara nne, ni milimita 1.6, nayo ilitosha kuharibu kazi yote.

Wajenzi wa reli ya kweli hawakukisia. Wajerumani, wapimao kwa mita, walijenga reli kutoka Tanga, ikafika Moshi mwaka 1911. Waingereza, waliozoea futi na inchi, walianza reli ya Mombasa mwaka 1896. Upana wa mita 1, ukisemwa kwa kipimo chao, ni futi 3, inchi 3 na thumuni tatu za inchi, yaani inchi 39.375. Zidisha kwa 25.4, nawe utapata milimita 1000.125: tofauti ni thumuni moja tu ya milimita! Kwa hiyo, wakati wa Vita Kuu ya 1914–1918, Waingereza walipoleta reli kutoka Voi hata Kahe, karibu na Moshi, iliungana na ile ya Tanga, na behewa liliweza kupita kotekote.

Basi, fundi mwema huchagua kipimo kimoja kabla ya kukata, na kila tarakimu huiandikia jina la kipimo chake.

Maswali

1. Kwa nini behewa la vijana lilikwama?
2. Inchi 6 ni milimita ngapi?
3. Behewa la kweli lina urefu wa futi 20. Mfano wake, sehemu ya kumi, utakuwa na urefu wa milimita ngapi?