Dondoo muhimu: Kumpata wa kukufundisha biashara ya nyumba

Dalali si mwalimu. Yeye hulipwa kiwanja kikiuzwa, kiwe kizuri au kibovu. Mtafute mtu aliyepangisha nyumba zake miaka mingi, Mbagala au Kimara, umwombe jambo dogo tu: kuongozana naye anapokwenda kukagua kiwanja. Sikiliza anavyowahoji majirani na ofisi ya serikali ya mtaa. Akufundishe pia kufanya upekuzi kwa Msajili wa Hati, maana mkataba wa mauziano peke yake hauonyeshi kama kiwanja kimewekwa rehani benki au kina zuio. Hili ndilo somo kubwa kuliko yote. Muulize hasara zake kabla ya faida. Akitaka umkabidhi fedha akununulie yeye, achana naye.