Safari ya Mtumbwi Ziwani

Mtoto aliyezaliwa Butiama, kwenye vilima mbali na maji, akifika Musoma mara ya kwanza hulitazama ziwa asubuhi akadhani ni kioo kilichotandazwa. Alasiri hulitazama tena, asiamini kuwa ni lile lile. Mawimbi yamesimama, na mitumbwi yote imevutwa pwani.

Tuseme mtoto huyo ana mjomba wake mvuvi, naye amemwambia, "Kesho kutwa tunakwenda Majita, kisha tutapita mlango wa Kisorya mpaka pwani ya Bunda, siku sita. Njoo ujifunze." Yampasa kujua nini kabla hajajibu, "Ndiyo, mjomba"?

Kwanza na ajue kwamba kuogopa si aibu. Mwaka 1875 Mwingereza Stanley alifika Kageye, kusini mwa Ghuba ya Speke, na mashua iitwayo Lady Alice, ambayo wapagazi waliichukua vipande vipande kutoka Bagamoyo. Alipouliza ni nani atakayekwenda naye kulizunguka ziwa kwa hiari, hakuna aliyejitokeza, ingawa wengi walikuwa watu wa Unguja waliozoea kuiona bahari. Mwisho wakachaguliwa vijana kumi na mmoja. Wakaondoka tarehe 8 Machi, wakapita pwani yetu hii ya mashariki, wakarudi Kageye tarehe 6 Mei. Njiani, katika kisiwa cha Bumbire, walinyang'anywa makasia. Wakang'oa mbao za mashua yao wenyewe, wakapiga maji kwa hizo hata wakaokoka. (Baadaye Stanley alirudi Bumbire akaua watu wengi kwa bunduki, na tendo hilo sisi hatulisifu.) Basi mjomba akitia kafi moja zaidi chini ya mtumbwi, usimwulize ni la nini.

Jambo lililo kubwa kuliko yote ni saa. Jua likipanda, nchi kavu hupata moto upesi kuliko maji. Hewa ya nchi kavu hupanda juu, na hewa baridi ya ziwani huja kushika mahali pake. Ndio upepo wa alasiri uvumao kuelekea pwani. Usiku mambo hugeuka: nchi hupoa upesi, na upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Kwa hiyo wavuvi wa matanga wa upande wetu hutoka alfajiri kwa upepo wa nchi, hurudi alasiri kwa upepo wa ziwa. Lakini mwenye kafi asiye na tanga na aangalie sana, maana upepo ule wa alfajiri, unaomsaidia kutoka, humsukuma pia mbali na pwani asipotaka. Na afuate ukingo, aondoke kukipambazuka, naye awe amekwisha kushuka kabla ya saa sita mchana. Usiku asisafiri kabisa, kwa kuwa ngurumo na tufani nyingi za katikati ya ziwa huzaliwa wakati huo.

Mzigo nao una sheria yake. Vitu vizito hukaa chini, katikati. Watu hukaa, hawasimami. Na mwenye usukani akisema neno, hakuna mashauri. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara hali kimejaa watu kupita kiasi, wakafa zaidi ya 220, nao walikuwa karibu kabisa na nchi kavu. Kila mtu na avae jaketi la kujiokolea tangu pwani, asilikalie kama mto. Mtumbwi wa mbao ukipinduka, ushike. Huelea hata ukijaa maji, na mtu anayeogelea peke yake haonekani upesi.

Mahali pa kulala huchaguliwa mchana. Penye mafunjo na maji yaliyotulia pana konokono wenye kichocho, tena ndipo mamba wapendapo. Afadhali mchanga mweupe au mwamba unaopigwa na mawimbi. Tazama chini: ukiona njia pana iliyokanyagwa kutoka majini kwenda majanini, hiyo ni ya kiboko, naye hupanda usiku kula. Usipige hema hapo hata kama pazuri. Maji ya kunywa huchemshwa. Katika pwani ya Bunda, upande wa Ndabaka ambako mbuga ya Serengeti hufika karibu na ziwa, mtu hashuki wala halali bila ruhusa.

Basi, wakifika, mtumbwi huvutwa juu sana na kufungwa kwenye mti, maana usiku maji hupanda kwa mawimbi. Kisha ugali na dagaa. Giza likiingia, mjomba hukaa akitazama umeme upande wa magharibi, akihesabu kimya kimya tangu mwanga mpaka ngurumo. Akifika kumi na tano, tufani iko umbali wa kilometa tano hivi. Mtoto naye huanza kuhesabu.